Mwenye Chungwa ni Nani?

Mwishoni mwa Aprili 2025 tunda liligeuka kuwa ugomvi wa mataifa. Hussein Bashe, akiwa Waziri wa Kilimo, alitangaza kwamba Tanzania inafunga mlango kwa mazao ya kilimo kutoka Afrika Kusini na Malawi. Afrika Kusini ilikuwa imezikataa ndizi za Tanzania kwa miaka, na Malawi nayo mwezi Machi ilikuwa imezuia unga, mchele, tangawizi na ndizi. Marufuku hayo hayakudumu. Muda mfupi baadaye yaliondolewa baada ya pande husika kuzungumza. Hata hivyo, siku hizo chache zilitosha kuwakumbusha Watanzania kitu ambacho watu wa mpakani wamekizoea hadi hawakioni tena: nchi yenye ardhi, mvua na jua la kutosha bado inaletewa matunda kwa malori, matufaha na zabibu kwa wingi na machungwa kidogo, kutoka zaidi ya kilomita 2,000 kusini.

Sehemu ya matunda hayo hupita Tunduma. Mji huu wa Mkoa wa Songwe, mkoa uliozaliwa mwaka 2016 baada ya kumegwa kutoka Mbeya, unaishi kwa malori. Tangu Oktoba 2019, marais John Magufuli wa Tanzania na Edgar Lungu wa Zambia walipozindua kituo cha huduma kwa pamoja cha Tunduma na Nakonde, gari hukaguliwa upande mmoja tu wa mpaka, ingawa foleni bado ni sehemu ya maisha. Dereva anasinzia kwenye usukani, utingo anatafuta chai, wakala wa forodha anapita na makaratasi yake. Na katikati ya yote hayo kuna mwenye toroli la machungwa. Anamenya ganda kwa duara moja refu, anakata kofia ya juu, anamuuliza mteja kama anataka chumvi na pilipili.

Ukitazama vizuri utakuta machungwa ya aina mbili mjini. Moja lina rangi ya dhahabu, limepakwa nta, limebandikwa stika yenye jina la nchi na namba. La pili ni la kijani, lina makovu, limefika likiwa limerundikwa ndani ya lori au gunia, na asili yake inajulikana kwa mdomo wa muuzaji tu: “La Muheza hilo, tamu.”

Tamu ni kweli. Rangi ya kijani haina maana kwamba halijaiva. Ganda la chungwa hupoteza ukijani wake pale usiku unapokuwa wa baridi, na Tanga usiku hauna baridi. Chungwa la pwani huiva ndani na kubaki kijani nje, wakati lile la Limpopo au la Rasi ya Mashariki, Afrika Kusini, hupigwa na baridi ya kipupwe na kugeuka rangi. Mnunuzi asiyejua hilo huhukumu kwa macho, na Muheza hushindwa kesi kabla ya kuonjwa.

Stika ile ya Afrika Kusini ina kejeli yake. Barabara ya TANZAM, na baadaye reli ya TAZARA iliyoanza kujengwa 1970 na kukabidhiwa 1976, vilikusudiwa kuiokoa Zambia isitegemee njia za kusini zilizokuwa mikononi mwa walowezi wa Rhodesia na serikali ya makaburu. Tunduma ilikua kwa sababu ya uamuzi huo. Miaka hiyohiyo, huko Uholanzi, mwaka 1973, Esau du Plessis, Mwafrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, aliongoza kampeni ya kususia Outspan, nembo maarufu kuliko zote ya machungwa ya Afrika Kusini, na maduka makubwa yakayaondoa machungwa hayo kwenye rafu. Nusu karne baadaye tunda la kusini linapanda kaskazini kwa njia ileile iliyojengwa kuikwepa kusini. Siasa zimebadilika, na hilo ni jema. Lakini siasa peke yake hazielezi kwa nini lori linaloleta matunda ni lile na si jingine.

Maelezo yako kwenye ushirika. Nyuma ya Outspan kulikuwa na ushirika wa wakulima ulioanzishwa mwaka 1926, uliouza matunda ya wote kwa jina moja. Mfumo wa muuzaji mmoja ulipovunjwa miaka ya 1990, wakulima waliunda chama kipya, na hadi leo kila katoni inayosafirishwa nje inakatwa tozo ndogo. Tozo hiyo inalipia utafiti wa magonjwa, inalipia wanasayansi wa kubishana na Umoja wa Ulaya juu ya madoa meusi kwenye ganda, na inalipia watu wa kufungua masoko. Afrika Kusini sasa ni ya pili duniani kwa kuuza nje matunda mabichi ya jamii ya machungwa, nyuma ya Hispania.

Mtu anayeonyesha vizuri zaidi nini kinamfanya mkulima wa machungwa kuwa kiongozi wa sekta hakuwa Mwafrika na pengine hakuwahi kuisikia Tunduma. Aliitwa Ben Hill Griffin Mdogo, na aliishi Florida, Marekani.

Griffin alizaliwa Oktoba 1910, siku ambazo tufani kubwa ilikuwa imetoka kulipiga jimbo lake. Alisoma kilimo na uchumi Chuo Kikuu cha Florida kuanzia 1930, akaondoka mwaka 1933 bila shahada. Mwaka huohuo alioa, na baba yake akampa zawadi ya harusi: ekari 10 za michungwa karibu na Frostproof. (Mji huo ulijipa jina la kuwahakikishia walowezi kwamba baridi kali haifiki huko, lakini majira ya baridi ya 1894 na 1895 ilifika, ikaua michungwa.) Ulikuwa wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, na ekari 10 hazikuwa utajiri. Kwa hesabu za Wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe, hilo ni shamba la mkulima wa kati wa kahawa, mtu anayeheshimika kijijini lakini asiyejulikana mjini Vwawa.

Alichofanya baadaye ndicho kinachostahili kutazamwa taratibu. Alinunua bustani moja baada ya nyingine, ndiyo, lakini hakuishia kwenye miti. Aliingia kwenye ufungashaji, akaingia kwenye usindikaji wa juisi, akafuga ng'ombe, akanunua ardhi. Kampuni ya Alico, iliyozaliwa mwaka 1960 kutokana na mali ya ardhi ya kampuni ya reli, hatimaye ikawa mikononi mwake, na kwayo zaidi ya ekari laki moja. Aliketi kwenye bunge la jimbo, kwanza katika baraza la chini na baadaye katika seneti, kati ya 1956 na 1968. Mwaka 1974 aliwania ugavana akashindwa. Mwaka 1981 aliiuzia Procter & Gamble kampuni yake ya juisi. Chuo alichokiacha bila cheti kiliupa uwanja wake wa mpira jina lake mwaka 1989, kwa shukrani ya michango yake, na mwaka uliofuata akafariki.

Kwa maneno mengine, kila mkono ambao chungwa lilipitia kutoka tawini hadi kwenye glasi, Griffin alijitahidi uwe mkono wake. Bei ya shambani ikianguka, anafidia kiwandani. Kiwanda kikilegalega, ardhi bado ipo.

Ni rahisi kuisimulia habari hiyo kama hadithi ya mtu mmoja mwenye akili na bidii, na Wamarekani hupenda kuisimulia hivyo. Lakini kuna sehemu inayosahaulika. Mwaka 1935, miaka miwili tu baada ya harusi ya Griffin, wakulima wa Florida waliiomba serikali ya jimbo lao iwatoze ushuru wao wenyewe, senti kidogo kwa kila sanduku, na fedha hizo zikaenda kwenye tume ya machungwa kwa ajili ya matangazo na utafiti. Miaka ya 1940 wanasayansi wa tume hiyo, Louis MacDowell, Edwin Moore na Cedric Atkins, wakifanya kazi na wizara ya kilimo, waligundua namna ya kuigandisha juisi nzito bila kuipotezea ladha: unaikausha maji kupita kiasi, kisha unaichanganya na juisi mbichi kidogo. Hataza ilitolewa 1948. Florida ikageuka kutoka muuza matunda kuwa muuza juisi, na chungwa lenye kovu likawa na thamani sawa na chungwa zuri, maana ndani ya kopo hakuna anayeliona ganda.

Matajiri wa machungwa walijengwa juu ya ujuzi huo. Na ujuzi huo ulilipiwa na kila mwenye sanduku, hata yule wa ekari tano.

Sasa turudi kwa chungwa la kijani la Tunduma, twende hadi lilikotoka, kama kilomita 1,000 kufuata barabara. Muheza, Mkoa wa Tanga, ni jina ambalo Mtanzania hulitaja pamoja na machungwa kama anavyotaja Mbozi pamoja na kahawa. Eneo hilo liliwahi kutawaliwa na mkonge. Bei ya mkonge ilipoporomoka, michungwa ikashika nafasi kubwa zaidi kwenye mifuko ya watu. Msimu mkubwa huanza karibu na Mei. Wanunuzi wakubwa ni wa Dar es Salaam na wa Kenya, na wa Kenya hufika hadi shambani.

Mara nyingi hufika mapema mno. Mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa anauza machungwa yakiwa bado madogo, wakati mwingine yakiwa maua. Dalali anatembea katikati ya miti, anakadiria kwa jicho, anataja bei ya shamba zima. Kuanzia hapo mkulima amemaliza. Hajui yatavunwa mangapi, hajui yatauzwa wapi, na bei ikipanda Julai haimhusu. Ukilinganisha na Griffin, yeye anashika hatua moja tu kati ya zote, na hata hiyo anaiachia kabla haijakamilika.

Halafu kuna namna ya kuvuna. Machungwa mengi huanguliwa kwa kuvutwa au kwa upondo, yanadondoka, yanarundikwa kwenye lori bila kreti. Mwanzoni mwa karne iliyopita wakulima wa California walikuwa wanalalamika kwamba treni zinawaozeshea machungwa njiani kwenda New York. Mtaalamu wa wizara ya kilimo, G. Harold Powell, alipelekwa kuchunguza, na jibu lake halikuwafurahisha: treni haina kosa. Ukungu wa buluu haupenyi ganda zima. Huingilia kwenye mkwaruzo, na mikwaruzo ilitoka kwenye mikasi, kucha na masanduku ya wavunaji wenyewe. Wakulima walipobadili uvunaji, kuoza kukapungua sana. Powell mwenyewe akaja kuajiriwa kama meneja mkuu wa ushirika wao, ule uliouza kwa nembo ya Sunkist. Chungwa la Muheza linalosafiri siku mbili tatu hadi mpaka wa Zambia, likiwa chini ya tani kadhaa za ndugu zake, lina hadithi hiyohiyo ya mikwaruzo, ila Powell wake hajaajiriwa.

Viwanda vipo. Kampuni ya Bakhresa ina kiwanda cha kusindika matunda Mwandege, Mkuranga, na ya Sayona ina kingine upande wa Chalinze, vyote Mkoa wa Pwani. Muheza yenyewe imeahidiwa kiwanda mara nyingi. Na mfumo wa stakabadhi ghalani, unaotumika kwa korosho na ufuta, hauwezi kuhamishiwa kwenye machungwa kama ulivyo, kwa sababu chungwa halisubiri ghalani. Linasubiri juu ya mti, na hapo ndipo dalali anapolikuta.

Je, Songwe yenyewe? Kwa nini mkoa wenye udongo mzuri namna hii unywe juisi ya watu?

Sehemu ya jibu ni mwinuko. Vwawa, Mlowo na Tunduma ziko karibu mita 1,500 au zaidi juu ya usawa wa bahari. Kahawa aina ya arabika inapenda huko, parachichi linapenda huko, na mchungwa nao unaweza kumea. Tatizo ni kwamba kuna mwingine anayependa huko: mdudu mdogo mfyonza utomvu ambaye wataalamu humwita Trioza erytreae. Hupenda ubaridi na huchukia joto kavu, na hubeba bakteria wa ugonjwa ambao umeyadhoofisha machungwa ya nyanda za juu za Afrika Mashariki kwa miongo mingi. Jani hupata manjano ya mabakabaka, upande mmoja tofauti na mwingine. Matunda hubaki madogo, yamepinda, machungu. Mti hufa polepole. Dawa ya kuuponya haipo. Bakteria huyo wa Kiafrika naye havumilii joto, ndiyo maana pwani ya Tanga ilistawi pale ambapo milima ilishindwa.

Nafuu hiyo ya pwani sasa iko mashakani. Kuna ndugu wa ugonjwa huo, wa Asia, ujulikanao kwa jina la Kichina huanglongbing. Huo unavumilia joto, na mdudu wake, Diaphorina citri, anaishi vizuri kabisa maeneo ya chini. Mwaka 2016 watafiti walichapisha taarifa kwamba mdudu huyo amepatikana Tanzania.

Anaweza kufanya nini? Florida inaweza kujibu. Mdudu alionekana huko 1998, ugonjwa ukathibitishwa 2005. Msimu wa 2003/04 jimbo lilivuna masanduku ya machungwa milioni 242. Msimu wa 2024/25 lilivuna kama milioni 12. Tufani za Irma, Ian na Milton ziliongeza pigo, lakini miti ilikuwa tayari inaumwa. Familia ya Griffin, iliyogombana mahakamani juu ya mali baada ya mzee kuondoka, ilikuwa imeuza udhibiti wa Alico mwaka 2013. Januari 2025 Alico, iliyokuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa machungwa Marekani, ilitangaza kwamba inaachana na michungwa: mavuno yalikuwa yameshuka kwa takriban asilimia 73 katika miaka 10. Sehemu ya ardhi inapangiwa nyumba.

Mkono ulioshika kiwanda, ardhi, soko na hata viti vya bunge haukuweza kumshika mdudu wa milimita tatu. Pale kilichobaki ni ule ushuru wa kila sanduku na maabara zinazoendeshwa nao, ambazo hadi leo zinatafuta mche unaostahimili.

Songwe inaujua mfumo wa namna hiyo vizuri kuliko inavyodhani. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, ilipoanza kazi mwaka 2001, iliundwa kama taasisi ya wadau wenyewe, ikichangiwa kutokana na kahawa inayouzwa. Kituo chake cha Mbimba kiko Mbozi. Miche ya kahawa inayostahimili chule buni na kutu ya majani, ambayo wakulima wa Mbozi na Ileje wameipanda badala ya mibuni ya zamani, ilitoka kwenye utafiti wa aina hiyo. Kahawa yao hukusanywa kwenye vyama vya msingi, hupangwa madaraja, huenda mnadani. Mfumo una lawama zake, na ukikaa na wakulima wa Mlowo saa moja utazisikia zote, kuanzia makato hadi malipo yanayochelewa. Lakini mkulima anayelalamikia makato walau anajua kuna mnada, anajua daraja la kahawa yake, na kuna mahali pa kwenda kugomba. Mwenzake wa machungwa Muheza hana tozo ya kulalamikia, wala maabara yake mwenyewe. Kituo cha TARI Mlingano kiko wilayani humo, ila kinategemea bajeti ya serikali na kina mazao mengi ya kuhudumia.

Ndani ya mkoa kuna mahali ambapo michungwa ingeweza kupewa nafasi ya kweli. Wilaya ya Momba inateremka kutoka nyanda za juu hadi Bonde la Ziwa Rukwa, na Kamsamba, kwenye mita 800 hivi, ina joto ambalo Trioza halipendi. Soko liko juu ya mlima: Tunduma, na nyuma yake Nakonde na miji ya shaba ya Zambia.

Anayetaka kujaribu aanze na mche, kwa sababu ugonjwa husafiri na mche kuliko unavyosafiri na tunda. Mche wa mbegu huchukua miaka saba au zaidi kuzaa. Uliobebeshwa huanza mwaka wa tatu au wa nne. Muuzaji aulizwe kikonyo kimetoka mti gani na shina la chini ni la aina gani, maana limau lenye ganda la makunyanzi (rough lemon), linalotumika sana nchini, huvumilia ukame lakini si kila maradhi. Majani yageuzwe: vishimo vidogo upande wa chini, vinavyolifanya jani livimbe vipele upande wa juu, ni alama ya Trioza. Mche wa namna hiyo usipandwe, hata ukitolewa bure. Na kwa anayefikiria kununua miche Nakonde au mbali zaidi, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, inataka kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi inakotoka, na kibali hicho huombwa kabla mche haujaanza safari.